«Article 15»: neno la barabarani na kifungu tulichosahau



Muulize mama anayeuza sambaza sokoni namna kazi inavyoendelea, atakujibu: «Artikle 15 tu, pasta.» Muulize mwanafunzi wa iniversite amepata wapi feza ya masomo: «Artikle 15.» Motari anayetengeneza moto yake kwa kipande cha kamba ya mpira, mwalimu anayelima asubuhi kabla ya kuingia darasani, polisi anayesimamisha magari wakati mwezi umekuwa mrefu, wote wana jibu hilo moja. Na wanaosikia wanacheka kidogo, kwa sababu wanaelewa.

Neno hili tunalisikia hata kanisani. Linatajwa katika ushuhuda, katika matangazo ya kuchangia jengo, na wakati mwingine katika mahubiri. Ni vizuri basi tulichunguze. Maana yake ni nini hasa? Lilitoka wapi? Mkristo anaweza kulitumia kwa dhamiri safi? Na je, katika Katiba ya nchi yetu kuna kifungu cha 15? Kinasema nini? Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na tutafika huko.

Neno moja, maana tatu

Kwa kifupi, «Article 15» maana yake ni «débrouillez-vous», yaani «jitafutieni njia wenyewe». Kwa Kiswahili chetu cha mashariki tunasema pia kujidebruye. Wandugu wa Kinshasa wanasema kwa Lingala beta libanga, pasua jiwe. Mwanamuziki Pépé Kallé aliyaunganisha maneno hayo mawili katika jina la wimbo wake uliojulikana sana miaka ya 1980. Ukisikiliza vizuri watu wanavyosema, utaona kwamba chini ya neno hili kuna mambo matatu tofauti.

La kwanza ni kazi. Mtu hana mshahara, au mshahara hautoshi, basi anatumia mikono na akili. Anasukuma chukudu, anauza unite za simu, anafuga sungura nyuma ya nyumba, anaingia katika likelemba na wenzake ili apate mtaji. Huyu haibi kitu cha mtu, na jasho lake linalisha watoto.

La pili ni njia ya mkato. Karani anaficha karatasi yako mpaka «umsaidie». Mwanafunzi ananunua pointi. Muuzaji anabonyeza debe kwa chini ili lipokee unga kidogo. Mtu wa bariyeri anaomba feza ya kahawa. Wao pia wanasema: «Tufanye nini? Ni Artikle 15.»

La tatu ni amri. Mwenye wajibu anamwambia asiye na nguvu: usiningojee. Wagonjwa wanaulizia dawa, wakimbizi wanaulizia chakula, wajane wanaulizia haki yao, na jibu ni «Artikle 15», yaani mkajitegemee. Hapa neno si la kucheka tena. Mkubwa analitumia kunawa mikono.

Kosa kubwa ni kuyaweka mambo haya matatu katika kikapu kimoja. Tukimsifu mama wa sambaza na karani kwa neno lilelile, mwisho hatutajua tena tofauti ya jasho na wizi.

Lilitoka wapi

Neno hili lina umri karibu na wa uhuru wetu. Katika mwezi wa 8, 1960, wiki chache tu baada ya uhuru, Albert Kalonji alitangaza kwamba Kasai ya Kusini imejitenga. Mji wake mkuu ulikuwa Bakwanga, ambao leo ni Mbuji-Mayi. Waluba kwa maelfu walikuwa wakifukuzwa Luluabourg, Kananga ya leo, na wengine Katanga. Walifika Bakwanga bila nyumba, bila mashamba, na njaa ikaua wengi.

Hadithi inasimuliwa namna mbalimbali, lakini kiini chake ni kimoja. Watu walipowauliza wakubwa watakula nini na watalala wapi, walijibiwa kwamba sasa wamefika kwao, wajitafutie. Jibu hilo likapewa jina la kifungu cha sheria, kana kwamba limeandikwa katika Katiba ya nchi ile mpya. Ulikuwa mzaha wa watu wenye uchungu: sheria nyingine zote hazitufikii, ni hii tu inayotufikia.

Nchi ya Kalonji ilikwisha mwaka 1962, lakini neno lilibaki na kuenea Kongo nzima, kwa sababu hali iliyolizaa ilienea. Wakati wa Zaire, mishahara ilizidi kupoteza thamani. Katika hotuba ya mwaka 1976 Mobutu mwenyewe aliwaambia watu kwamba anayetaka kuiba aibe kidogo na kwa akili. Siku hiyo maana ya pili ya neno letu ilipata baraka kutoka juu. Kisha ukaja uporaji wa 1991 na wa 1993, na mwaka 1994 bei zikapanda karibu 9,800 kwa mia. Mtumishi wa Leta alipopokea mshahara, ulikuwa hautoshi hata kununua sabuni.

Shule zetu zinaijua historia hiyo. Tangu Mapatano ya mwaka 1977, makanisa yanasimamia shule nyingi za Leta, na shule za Kiprotestanti ni kati yake. Leta iliposhindwa kulipa walimu miaka ya 1990, wazazi walianza kuwalipa «prime», na mzigo huo walibeba mpaka bure ya shule za msingi ilipotangazwa kutumika mwaka 2019. Ilikuwa Artikle 15 ya taifa zima. Watoto walisoma, Mungu asifiwe, lakini waliokosa prime walirudishwa nyumbani, na wengi wao walikuwa wasichana.

Hata leo neno halijazeeka. Mabenki ya Goma yalipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, watu walijifunza kupitisha kila kitu katika simu, huku wakikatwa feza kila mara wanapotoa. Watu walipolizungumza, neno lilikuwa lilelile.

Maandiko yanatuonyesha nini

Biblia haimdharau mtu anayehangaika. Wazalishaji Shifra na Pua walitumia akili mbele ya Farao ili kuokoa watoto (Kutoka 1). Mjane wa 2 Wafalme 4 aliambiwa akope vyombo kwa majirani, auze mafuta, alipe deni. Paulo alishona hema (Matendo 18:3) na aliwakemea Watesalonike waliokaa bure huku wakila cha wengine. Tukimwona mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda kuchukua bidhaa, tumheshimu. Huyo anaishi kwa jasho lake, na Mungu anamwona.

Lakini Biblia inaijua pia njia ya mkato, na haiipambi kwa jina zuri. Katika 2 Wafalme 5, Gehazi alimkimbilia Naamani kuomba feza na nguo kwa kutumia jina la bwana wake. Angeweza kusema kwamba alikuwa anajidebruye. Alirudi na ukoma. Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasinyang'anye watu, wasisingizie mtu, na waridhike na mshahara wao (Luka 3:14). Mshahara wa askari wale nao haukuwa mkubwa.

Wengine hunijibu kwa wakili wa Luka 16, yule aliyepunguza madeni ya watu ili apate marafiki. Wanasema: «Unaona, pasta, bwana wake alimsifu.» Ndiyo, alimsifu kwa akili yake ya kufikiri juu ya kesho. Lakini hadithi yenyewe inamwita dhalimu, na mara moja baada yake, katika mstari wa 10, Yesu anafundisha juu ya uaminifu katika jambo dogo. Mtu akichukua akili ya yule wakili, asichukue pia udhalimu wake.

Kuna mtu mmoja katika Maandiko ambaye anatusaidia kuliko wote, naye ni Ruthu. Mgeni, mjane, hana shamba wala feza. Hakukaa kulia tu. Alikwenda kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Hii ndiyo Artikle 15 ya maana ya kwanza, safi kabisa.

Tusome hata hivyo sura ya 2 yote. Ruthu aliweza kuokota kwa sababu kulikuwa na sheria. Walawi 19 iliagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, waache kitu kwa maskini na mgeni. Boazi aliitii sheria hiyo. Angeamua kumwambia Ruthu «jitafutie njia», juhudi yake yote isingempatia hata kikapu kimoja.

Na kuna jambo lingine ambalo wahubiri wengi tunaliruka. Katika mstari wa 9 Boazi anawakataza vijana wake wasimguse Ruthu. Katika mstari wa 22 Naomi anamshauri abaki na wasichana wa Boazi, kwa maana katika shamba la mtu mwingine anaweza kutendewa vibaya. Maana yake ni wazi. Mwanamke anayekwenda shambani kutafuta chakula yuko katika hatari, na mwenye shamba ana wajibu wa kumlinda. Ruthu alijitafutia chakula mwenyewe. Ulinzi hakuachiwa ajitafutie.

Wamama wa Masisi, wa Kalehe, wa Beni na wa Fizi hawahitaji mhubiri awaeleze mistari hiyo miwili. Wanajua njia ya shamba na njia ya kuni.

Kifungu cha 15 cha kweli

Sasa turudi kwa lile swali. Hakuna Katiba ya Kongo iliyoandika «débrouillez-vous». Lakini Katiba tuliyo nayo, ile ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006, ina kifungu cha 15 kama kawaida. Je, kinahusu nini?

Kinahusu unyanyasaji wa kingono. Kinaagiza wenye mamlaka wahakikishe kwamba uovu huo unakomeshwa. Na kinasema kwamba unyanyasaji wa kingono juu ya mtu yeyote, ukifanywa kwa kusudi la kuyumbisha au kuvunja jamaa na kufanya taifa zima litoweke, ni uhalifu juu ya ubinadamu, nao unaadhibiwa na sheria.

Tukitulia kidogo tutaona uzito wa jambo hilo. Kifungu kile kilichoandikwa kwa sababu ya mateso ya wamama na wabinti wetu, hasa wa mashariki, kina namba ileile ambayo sisi tunaitaja kila siku tukicheka. Kile cha mzaha kinajulikana na mtoto wa miaka kumi. Kile cha kweli wazee wengi wa kanisa hawajakisikia hata mara moja.

Na mara nyingi kile cha mzaha kinakimeza kile cha kweli. Msichana amebakwa. Jamaa mbili zinakutana jioni. Mmoja anasema tusipeleke jambo hili mbali, tujipange wenyewe. Mbuzi mmoja au wawili, feza kidogo, pengine msichana aolewe na yule aliyemharibu. Wakati mwingine mzee wa kanisa ndiye anayeombwa kusimamia mkutano na kufunga kwa maombi. Watu wanaita hiyo amani, lakini ni Artikle 15 ya maana ya tatu. Msichana ameambiwa ajitafutie njia.

Daudi alifanya hivyo katika nyumba yake. Amnoni alipomharibu Tamari, Daudi alikasirika, lakini hakufanya kitu. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze kwa sababu aliyemtenda ni ndugu yake (2 Samweli 13). Nyumba ile haikupata amani. Ilipata miaka miwili ya kimya, kisha damu. Na Kumbukumbu la Torati 22:25-27 inasema juu ya msichana aliyeshikwa shambani, akapiga kelele bila kupata wa kumwokoa, kwamba hana kosa hata kidogo. Wazee wanaomwuliza alikuwa amevaa nini wasome mistari hiyo kwanza.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2006 imepanua maana ya ubakaji na kuongeza adhabu. Inamlinda kila mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, na inahesabu kwamba mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, anaweza kuwa ametendewa. Sheria iliyotoka siku hiyohiyo juu ya namna ya kuendesha kesi haikubali kesi ya namna hii izimwe kwa kulipa faini. Kwa hiyo mbuzi wa jamaa hamalizi kesi. Anaificha tu.

Kanisa lifanye nini

Tunajua kwamba Leta mara nyingi iko mbali, na mahali pengine haionekani kabisa. Mtu anaweza kuuliza kifungu cha karatasi kitasaidia nini. Ni swali la haki. Lakini sheria ya masuke nayo ilikuwa maandishi tu mpaka Boazi alipoitii katika shamba lake. Na sisi tuna mashamba yetu: parokia, shule, vituo vya afya, vikundi vya wamama.

Kanisa letu limekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Hospitali ya Panzi, Bukavu, inayosimamiwa na CEPAC, ilianzishwa mwaka 1999. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, na wenzake wamewatibu humo maelfu ya wanawake walioumizwa, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Huko Goma, HEAL Africa imefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Kila mchungaji, kila shemasi na kila mama kiongozi ajue pia mambo haya machache kwa kichwa:

Mtu aliyebakwa afikishwe kwenye kituo cha afya mara moja, kabla saa 72 hazijapita, yaani siku tatu. Ndani ya muda huo kuna dawa za kuzuia UKIMWI. Kuna pia dawa ya kuzuia mimba, ambayo inaweza kufaa mpaka siku ya tano, lakini mapema ni bora.

Muda ukipita, aende hata hivyo. Kuna magonjwa mengine ya kutibu, na roho yake inahitaji msaada.

Asilazimishwe kuoga kwanza, na nguo zake zisifuliwe. Zitunzwe kwa ajili ya ushahidi.

Matibabu hayangojei polisi. Uamuzi wa kushtaki utakuja, na asindikizwe na mtu anayemwamini.

Jina lake lisitajwe katika mkutano, wala katika maombi ya hadhara.

Na mchungaji akiitwa kusimamia mapatano ya mbuzi, akatae kwa upole na kwa uwazi. Jioni hiyo nafasi yake ni pembeni ya msichana.

Kuhusu neno lenyewe, sioni haja ya kulipiga marufuku. Watu wamelitumia zaidi ya miaka 60 kubeba taabu yao kwa kicheko, na kicheko hicho kimewasaidia wengi wasianguke. Lakini tujifunze kuuliza kila mara: ni Artikle 15 gani? Ikiwa ni ya jasho, tuibariki. Ikiwa ni ya mkato, tuikatae, hata kama anayeifanya ni mzee wa kanisa anayetoa sadaka kubwa. Efeso 4:28 inamwonyesha mwizi njia nyingine: aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, apate hata cha kumgawia mhitaji. Na ikiwa ni ile ya kumwacha mnyonge peke yake, tumjibu anayeisema kwamba tunakijua kifungu cha 15 kinachosema vingine.

Tukifundishe basi. Mwalimu wa shule yetu akiandike ubaoni katika somo la uraia. Wamama wakisome siku ya mkutano wao, pamoja na Ruthu 2. Vijana wa kiume waambiwe jambo ambalo Boazi aliwaambia vijana wake. Mtoto akitaja Artikle 15 kwa kucheka, tusimkemee. Tumwulize kama anajua ile nyingine.

Kwa mazungumzo katika vikundi

1. Katika mtaa wetu, ni kazi gani za Artikle 15 ambazo kanisa lingeweza kusaidia kwa likelemba, mafundisho au mtaji mdogo?

2. Kuna «misaada» gani tunayolipa au kulipwa, ambayo Yohana Mbatizaji angetuambia tuiache?

3. Mtoto akiumizwa usiku wa leo katika parokia yetu, nani atamsindikiza, kwenye kituo gani, na kwa usafiri gani?

Bwana, aliyemwona Ruthu shambani na kusikia kilio cha Tamari, atupe mikono ya kufanya kazi na ujasiri wa kulinda. Amina.